Maji Yasitoke Bustanini

Bi Mwanaidi amefariki. Mjukuu wake, Zainabu, alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharage, nami nikamwuliza kwa ukali, "Nani kakwambia?" utadhani habari ya msiba ukiikemea inarudi ilikotoka. Alikuwa mzee sana, ameugua muda mrefu, sote tulijua anaondoka, na bado nilishtuka nikamwaga maharage yote sakafuni. Nikapanda basi Karatu mpaka Tanga na haya magoti yangu mabovu, nikawahi hitima. Zainabu alinilaza kwenye nyumba yake mpya, ya kisasa hasa: kuta nyeupe, madirisha yanayoanzia sakafuni hadi darini, bahari unaiona ukiwa unapiga mswaki. Chumba alichonipa kilikuwa kikubwa kuliko sebule yangu, nikakosa usingizi kwa sababu ya ukubwa wake. Nje kulikuwa hakuna kitu. Mchanga, marundo ya kokoto za mafundi, na mivinje michache upande wa baharini ikisonya kwa upepo. Tulipokwisha kula pilau na wageni kupungua, wale kina mama waliobaki jikoni wakawa wanasimuliana jinsi marehemu alivyokuwa mkali wa usafi, mpaka kuku wake waliogopa kuingia uani. Zainabu akanivuta pembeni. "Bibi Paska, Bibi alikuwa anasema ile bustani ya Karatu ilikuwa hainyweshwi kwa bomba hata siku moja. Nitengenezee na mimi. Maji ya hapa ya kubahatisha, na kisima kina chumvi."

Nikatoka naye. Akanionyesha kwenye simu picha alizochorewa na kijana mmoja aliyesomea mambo hayo: majani mafupi ya kijani kila mahali, bwawa la kuogelea, mitende iliyopangwa mstari. Vizuri kutazama. Nikamwuliza swali ambalo nimemwuliza kila mtu aliyenipa kazi, mwenye nyumba ya tope na mwenye hoteli ya watalii: "Mvua ikinyesha hapa, maji yanakwenda wapi?" Zainabu akacheka. "Yanakwenda zake, Bibi. Si baharini hapo?" Akasubiri nicheke na mimi. Sikuweza. Nikaomba kiti. Mtoto wa watu alidhani ni safari imenichosha, akaniletea maji ya madafu, akanipepea kwa ncha ya mtandio wake. Hakujua kwamba swali hilo, kabla halijawa kazi yangu, lilikuwa la kumfukuza au kutomfukuza mtu. Nimeishi nalo tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini na halijapoa.

Wakati huo nilikuwa msichana mwenye kozi fupi ya kilimo ya misheni, sina mchumba, nina mdomo. Bwana Shomari alikuwa amestaafu kazi ya barabara. Alikuwa amekaa milimani kwetu kwa miaka mingi akichonga barabara mpaka baridi ikamwingia moyoni, akaamua kujenga juu ya mji wa Karatu, kwenye mteremko unaotazama msitu wa Ngorongoro. Akamleta mkewe, Bi Mwanaidi, kutoka Tanga. Nyumba aliijenga ya kwao, ya pwani: kuta nene, ua katikati, baraza la saruji mbele la kukalia watu jioni. Majirani walikuja kuitazama, wakazunguka, wakanyamaza kwa heshima, na mmoja akauliza, "Sasa ng'ombe watalala chumba gani?" Bi Mwanaidi alisimulia neno hilo mpaka uzeeni, kila mara akicheka upya.

Alikuja na bustani yake kwenye lori. Miche ya vilua, asumini, mikadi, magunia ya majani ya kupanda, na minazi. Minazi, jamani, Karatu! Mimi ndiye niliyeajiriwa niipande, nikaipanda, maana sikuulizwa. Ilipofika Julai, ukungu wa msituni ukateremka ukalala juu yetu asubuhi hadi saa nne, minazi ikageuka rangi ya karatasi ya sukari, ikafa wima. Asumini ikafuata. Bi Mwanaidi alikaa barazani amejifunika blanketi juu ya kanga, analia waziwazi. "Shomari, mimi siwezi kukaa mahali ukitoka nje hakuna kivuli wala harufu." Kisha zikaja mvua za vuli, na kile kilichobaki kikaondoka na udongo mwekundu, kikashuka bondeni mpaka kwenye njia ya watu. Siku ile niliona majani ya Tanga yamenasa kwenye miiba ya uzio wa jirani, nikashindwa kujizuia, nikacheka. Bi Mwanaidi akanikata jicho. Halafu na yeye akacheka, na kuanzia hapo tukawa watu wa kuelewana.

Tukaanza upya. Mzee Shomari alitafuta mpira mrefu wa maji unaoonyesha ndani, akaujaza maji, yeye anashika ncha hii, mimi ile, tunatembea mteremko mzima tukitafuta usawa. Hapo tukachimba mitaro iliyokata mteremko kwa mlalo, na kwenye kingo zake tukapanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe yenye mizizi isiyoachia. Maji ya bati yakaelekezwa kwenye tangi chini ya ua. Maji ya kuoga na ya vyombo yakapita kwenye shimo la kokoto, yakaenda kunywewa na migomba. Samadi nilitoa kwetu, debe kwa debe. Vilua vya Bi Mwanaidi vilivyonusurika tukavihamishia uani, vikaegemea ukuta wa jiko wenye joto, na vikatoa maua. Alilia tena, ila safari hii alinikumbatia. Sabuni ilikuwa haipatikani wakati huo, tulifulia majani ya mpapai, nami nakumbuka bega lake likinuka mpapai na kilua kwa pamoja.

Jikoni alikuwepo Yasinta. Alitoka kijiji cha Daa, rika langu, mnene wa mashavu, mtu wa kucheka kabla hujamaliza sentensi. Bi Mwanaidi alimfundisha kupika wali wa nazi kwa nazi zilizoletwa na basi, naye akamfundisha Bi Mwanaidi kula makande bila kukunja uso. Mimi nilishika kazi za nje, wao ndani, na dirisha la jiko lilikuwa wazi, kwa hiyo mazungumzo yao yote niliyapata. Mchana mmoja nilikuwa chini ya dirisha hilo napalilia, nikamsikia Bi Mwanaidi akinyamaza ghafla katikati ya maneno. "Yasinta, mwanangu. Hebu simama hivyohivyo. Geuka." Halafu, "Ya nani?" Yasinta akasema ni dereva wa lori la mahindi, aliyepita akielekea Loliondo na hakurudi tena. Akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, "Mama, usimwambie mtu. Wakijua, sina pa kukaa." Niliduwaa na jembe mkononi. Nilikuwa nalala naye mkeka mmoja siku za mvua, na sikuwa nimeona kitu.

Lazima nieleze, maana siku hizi jambo hili karibu limekwisha na vijana hudhani tunatunga. Kwetu Wairaqw wa zamani zile, msichana akishika mimba kabla ya kuolewa, hali hiyo iligusa kila mtu aliyeshirikiana naye. Tuliita metimani. Hazalii nyumbani kwa baba yake. Hapewi moto wa jirani, hachoti maji na wenzake, hali sahani moja na mtu, na anayemgusa anaingia naye katika kutengwa, miezi mingi, mpaka muda upite na atakaswe. La sivyo, tuliamini, mvua itakatika, mifugo itakufa, watoto wataugua. Zamani alipelekwa nje ya mpaka wa nchi ya watu wake, akajizalie porini. Tulikuwa Wakristo, ndiyo. Tuliimba kwaya. Lakini jambo hilo lilikaa chini ya kwaya.

Siku chache baadaye nilitoka chemchemini na ndoo kichwani. Nilipofika uwanjani kwetu mama alikuwa anapepeta mtama. Mama alikuwa mkunga wa eneo lote, amepokea nusu ya watu waliokuwa wakinisalimia njiani, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa vichanga na mzito kwangu. Akauliza bila kuinua macho, "Nani kakutwika?" Nikasema, "Yasinta." Akasimama, akaitua ndoo kichwani pangu kwa upole, akaimwaga yote ardhini. Maji ya kupanda nayo mlima! Nikapiga kelele, "Mama!" Akasema, "Baba yake ametoa kifurushi chake nje asubuhi hii. Habari imefika. Kanawe, ubadilishe nguo." Nikamwambia ni roho mbaya. Hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa. "Simchukii yule mtoto," alisema. "Kuna wanawake wawili hapa karibu wana mimba kama yake. Nikimgusa yeye, wao nitawagusaje? Nijibu wewe mwenye cheti." Nilikwenda kunawa.

Kwa hiyo Yasinta alikuja na kifurushi chake mpaka barazani kwa Bi Mwanaidi, na mimi nilikuwa na uhakika atafukuzwa. Bi Mwanaidi alikuwa mtu wa heshima zake, wa kuswali sala tano, mtu ambaye kanga ikipinda anairudia. Mzee Shomari akasema taratibu, "Majirani hawatatukanyagia tena." Bi Mwanaidi akamtazama. "Kwani sasa wanakanyaga? Atakaa." Basi. Stoo ya vifaa vya bustani, kule nyuma ya migomba, ikafagiliwa, ikawekwa kitanda cha kamba na chandarua chenye matobo. Jikoni akaondoka, ili mimi niendelee na kazi, maana mama aliniruhusu bustani lakini si kumgusa wala kula mkononi mwake. Bi Mwanaidi akawa anapika mwenyewe na kumpelekea sahani. Mwanamke aliyelilia minazi alikuwa amelibeba jambo ambalo sisi wenye nchi tulilikimbia.

Halafu wazee wakaja. Walikuwa watatu, na msemaji alikuwa Mzee Boay, mtu mpole mno, kofia ameishika kifuani. Walikataa viti, walikataa chai. Mzee Boay alisema nyumba ni ya Bwana Shomari na hakuna wa kumwamrisha nani alale kwake. "Lakini Bwana Shomari, wewe uko juu, chemchemi yetu iko chini. Maji ya kuoga ya msichana yule, na mvua inayopiga mlango wake, vitashuka. Watoto wetu watakunywa." Aliposema watoto sauti yake ilikatika kweli. Mzee Shomari akauliza, "Na yasiposhuka?" Wakatazamana. Wakasogea pembeni wakanong'ona Kiiraqw, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nasikia kila neno: mmoja alitaka aondoke siku hiyohiyo, Mzee Boay akawa anamtuliza. Wakarudi. "Yasiposhuka, akae mpaka ajifungue na apone. Siku yakitoka bustanini hapa yakafika chini, aondoke siku hiyo, avuke mpaka." Wakamshika mkono Mzee Shomari mmojammoja. Walikuwa watu wema, na ndicho kinachonishtua mpaka leo.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi yangu. Masika ilikuwa mbele, na tulikuwa na mteremko mzima ambao haukutakiwa kupoteza maji hata kidogo. Mzee Shomari alikaa sakafuni uani, penseli sikioni, akinung'unika. "Miaka yote nimelipwa kufukuza maji. Sasa niyafuge." Tuliongeza mitaro. Tukachimba mmoja mkubwa chini kabisa, mpakani, upana wa mtu kulala, na udongo wake tukauinua kuwa tuta upande wa bondeni, tukalishindilia kwa miguu na kulipanda mabingobingo mawilimawili. Tukachimba mashimo ya duara, tukayajaza mabua na samadi, tukapanda migomba humo, ili maji yakija yapate pa kulala. Njia zote tukazigeuza zikawa na mlalo. Kila nilichomwambia Zainabu juzi pale mchangani kilitoka huko: usilete majani ya ng'ambo yanayolia kiu, panda mikadi na mivinje iliyozoea chumvi, paa likusanye, tangi likae chini ya baraza, maji ya bafuni yapewe migomba na mpapai, ardhi ilazwe isiteremke ovyo. Aliandika kwenye simu kwa vidole viwili, haraka, akisema, "Bibi, hii ndiyo wanayoifundisha sasa hivi." Sawa. Sisi tuliifanya kwa sababu ya tumbo la Yasinta.

Yeye alikuwa akikaa mlangoni mwa stoo anachambua mboga za Bi Mwanaidi, mimi nikichimba upande wa pili wa migomba, tunapiga soga kwa sauti ya juu. "Paska! Hilo shepe limekuoa?" "Limenioa, na halijanitelekeza!" Tulicheka mpaka Mzee Shomari anakohoa. Siku nyingine alikuwa hacheki. Alisema Bi Mwanaidi amemwahidi kumpeleka Tanga akishapona, atampa mtaji wa kuuza chakula karibu na stesheni, yeye na mwanawe. "Niombee tu nizalie hapa, Paska. Nikitolewa nikiwa hivi, nitakwenda wapi? Nitazaa na nani?" Nikamwambia hatatoka, kwa sababu tuta nimelishindilia mwenyewe. Mpango ulikuwa wiki zake zikikaribia tumpeleke hospitali ya misheni Endulen, ndani ya hifadhi, mbali na macho. Mzee alikuwa ameficha dumu la dizeli ya safari hiyo chini ya kitanda chake, na dizeli wakati ule ilikuwa haionekani.

Masika ikaja, mitaro ikafanya kazi. Mvua inanyesha, maji yanaingia, yanatulia, yanazama. Nilikuwa nasimama na koti la gunia kichwani nayatazama na furaha isiyo na mfano. Wazee walipita chini ya tuta wakipapasa nyasi kwa viganja, wakaniinulia mkono. Kisha ikaja ile siku. Asubuhi Yasinta alilalamika kiuno. Bi Mwanaidi alimkanda kwa maji ya moto, akatoka akasema ni uchungu wa uongo, wiki bado, na Yasinta mwenyewe alikubali, akala uji akamaliza. Ilipofika adhuhuri mbingu ikafunga kuanzia kreta ya Ngorongoro mpaka kwetu, giza la mchana, ikaanza mvua ambayo sijaiona tena. Mtaro wa kwanza ukajaa ukafurikia wa pili. Wa pili ukafurikia wa tatu. Mzee Shomari akatoka amevaa buti, akapiga kelele nilizozisikia kwa shida, "Chini! Chini! Tuta!"

Tulikimbia. Maji yalikuwa yamefika kingo za tuta kubwa, mekundu, yanazunguka, na kona moja ilikuwa imeanza kulainika. Tukapiga majembe, tukabeba mawe, tukang'oa mabingobingo na udongo wake tukaziba. Bi Mwanaidi alitoka stoo kuona, na nyuma yake nikamwona Yasinta mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Bi Mwanaidi akageuka kumrudia. Yasinta akapaza sauti, na maneno yake ninayo masikioni: "Nendeni! Nendeni kwenye maji, Mama! Mimi niko sawa! Yakitoka mimi natoka!" Alipunga mkono wa kutufukuza. Tukaenda. Bi Mwanaidi, mwanamke wa Tanga aliyekuwa haingii matopeni, alishika sufuria kubwa ya pilau akawa anachota maji ya mtaro anayarusha juu kwenye mashimo ya migomba, anachota anarusha, kanga imemwanguka shingoni, anasema bismillahi kwa kila sufuria.

Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka mikono ilikuwa haikunji tena. Nakumbuka upande wa bondeni watu walikuwa wamesimama kwenye mvua, wamejifunika mashuka, wanatazama tuta tu. Na nakumbuka mvua ilivyolegea, maji yakasimama inchi chache chini ya ukingo, yakaanza kushuka. Mzee Shomari alikaa chini kwenye tope akacheka na kulia. Bi Mwanaidi alipiga kigelegele. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheza. Nilicheza ngoma pale matopeni, na watu wa ng'ambo ya tuta wakapiga makofi. Hata wao walikuwa wamefurahi.

Mama yangu akatokea katikati yao. Alikuwa ametoka kwa mmoja wa wale wanawake wake wawili, kikapu chake cha kazi begani. Alitazama tuta, akatutazama sisi, mmojammoja, na majembe yetu na sufuria yetu. "Na msichana yuko na nani?" akauliza.

Sufuria ikamtoka Bi Mwanaidi mkononi. Mama alikuwa ameshapanda tuta. Mzee Boay akamwita kwa jina lake, akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba akiingia mle hatoki, na wanawake wanamsubiri. Mama hakugeuka. Alivuka mtaro maji yakimfika kiunoni, kikapu juu ya kichwa, akapita kati ya migomba, akaingia stoo akafunga mlango. Bi Mwanaidi alifika akaugonga, akafunguliwa. Mimi nilibaki nje. Nilisimama nyuma ya migomba, mahali pangu pa kila siku, nasikia sauti ya mama tu, ile sauti yake ya kazi, tulivu, ikirudiarudia jina moja. Yasinta. Yasinta. Yasinta, mwanangu, nitazame. Halafu kichanga kikalia, kwa nguvu. Halafu mama akaacha kuita jina.

Alikuwa amezaa peke yake, sisi tukipigana na maji. Mama alisema mtoto alimkuta ameshatoka kitambo, yuko chini ya kanga, kondo la nyuma limekataa kutoka na damu imekwisha mwilini mwa mama yake. Angefika mapema kidogo angemwokoa. Alilisema hilo mara moja tu, akiuambia ukuta, si sisi. Bi Mwanaidi alimwosha Yasinta kwa maji ya tangi, akamfunika kanga yake mpya ya doti. Mzee Shomari alituma mtu kwa baba yake. Mtu akarudi peke yake.

Asubuhi jua lilikuwa kali, kila kitu kinafuka mvuke. Tulikuwa nje sote wanne, hatujalala, hatusemi, mama amebeba mtoto kifuani. Mzee Boay na wenzake wakapanda kutoka bondeni, miguu imejaa tope. Walikuwa wamekwenda kwanza chemchemini. Wakasimama ng'ambo ya tuta, Mzee Boay akavua kofia, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Bwana Shomari, tumepita kote chini, tumepapasa nyasi zote. Hakuna tone lililotoka. Wewe ni mtu wa kweli. Wazee wamekubali kwa moyo mmoja: msichana akae."

Bi Mwanaidi alijifunika uso. Nilimtazama Mzee Boay na kofia yake na furaha yake.

"Atakaa," mama alisema. "Nipeni watu wawili wenye nguvu. Tunachimba."

Mzee Boay alielewa polepole. Macho yalikwenda kwa kichanga, yakaenda mlangoni mwa stoo, yakarudi. Akasikitika, niliona, midomo ilimcheza. Akanong'ona na wenzake. Kisha akasema, kwa upole uleule, kama anavyomwelekeza mgeni njia, "Poleni. Poleni sana. Basi kaburi liwe kule juu, mbali na mtaro. Kwa ajili ya maji."

Mama alimkabidhi Bi Mwanaidi mtoto. Akaja akachukua jembe mkononi mwangu, akashuka nalo mpaka kwenye tuta, mbele ya Mzee Boay kabisa, akasema, "Atalala hapa," akaliinua na kulishusha palepale ukingoni.